Begi la Konyaki

Mpwa wangu Neema,

Pole na mitihani. Sisi huku Doha tu wazima, ila jua linakaanga yai juu ya boneti, na mimi nimekaanga mawili. Unauliza konyaki ni nini? Umemuuliza bingwa.

Nilipokuwa mgeni hapa, mbeba mizigo wa hoteli hodari kuliko wote Ghuba nzima, Mfaransa mmoja alipiga simu kutoka chumbani: "Niletee begi langu la konyaki." Nikaganda. Pombe mkononi, mchana wa Ramadhani! Kazi imekwisha, narudishwa kwetu. Nikapanda mikono mitupu.

"Bosi, hiyo haramu. Siibebi."

Akacheka mpaka akakaa kitandani. "Rafiki, ni rangi!"

Akanieleza kwamba kwanza Konyaki ni mji wa kwao. Brandi ya zabibu inayotengenezwa huko ikaitwa jina la mji, kisha rangi ya kahawia kama brandi, ile ya ngozi ya begi lake, ikaitwa jina la kinywaji.

Nikashuka, nikalinyanyua begi kwa kidole kimoja, nikapita kifua mbele.

"Umebeba nini?" meneja akauliza.

"Konyaki, bosi."

Akaja juu mpaka nikampigia simu Mfaransa, naye akashuka na soksi tu kuja kuniokoa. Tangu hapo nasema tu: begi la kahawia.

Mjomba wako,
Barasa