Jogoo Kichwa Chini

Jumamosi. Mawingu yametanda Mbagala tangu asubuhi, na mvua yenyewe imekataa kunyesha. Mimi nimelia, nimecheka, nimepigiwa vigelegele na nimekula pilau sahani mbili. Nianze na vigelegele, maana sipigiwi kila siku.

Leo nimesimama mbele ya kikundi cha wanawake wajasiriamali kueleza safari yangu ya biashara. Mimi, Mama Doreen, karani wa shule asubuhi na fundi cherehani jioni, niliyeanza kushonea barazani kwa cherehani ya kukanyaga ya marehemu mama. Sasa nina fremu yangu ya duka, cherehani tatu, na jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo nimekitembeza kidogo, shajara unisamehe.

Mama Joyce, mwenyekiti wa kikundi, aliniomba nieleze hasa jambo moja: kwa nini wateja wananiita fundi wa vipande. Ni hivi. Ukiniletea kitambaa, siku ya kuchukua nguo unapewa na mfuko wenye kila kipande kilichobaki, hata kile cha upana wa kiganja. Mafundi wengi hawafanyi hivyo. Mabaki ni ya fundi, ndiyo desturi, na mteja akiyaulizia anaonekana mchoyo. Kwa hiyo watu hunishangaa, halafu hunipenda, halafu huniletea mashangazi zao.

Nikiulizwa nilianzaje, huwa najibu kwamba mama alinilea hivyo.

Ni uongo.

Miaka minne iliyopita Bi Salma alinipa kazi kubwa ya kwanza maishani mwangu. Bi Salma ana duka la vitenge hapahapa Mbagala. Alirithi kwa baba yake, na baba yake alirithi kwa babu. Alikuwa anamwandalia bintiye kichen pati, akanikabidhi sare za kina mama kumi na wanane, yeye mwenyewe akiwemo. Kitenge kilikuwa cha bluu chenye jogoo wakubwa wa njano, kila jogoo amesimama kifua mbele. Alinipimia kitambaa cha kutosha na kuzidi, akaniongezea na cha gauni langu ili nami niende nimevaa kama wao.

Magauni yalikuwa ya kuchanua chini. Ukiyakata yote yakitazama upande mmoja, kitambaa kinaliwa sana. Lakini ukiyalaza mzungu wa nne, kipande cha mbele kichwa juu na cha mgongo kichwa chini, unabaki na kitambaa cha maana. Mimi nikayalaza mzungu wa nne. Upande wa mbele ukatoka sawa, na migongo yote ikatoka na jogoo kichwa chini, miguu juu.

Niliona tangu gauni la kwanza. Nikajiambia, nani anaangalia mgongo?

Siku ya shughuli kina mama waliingia ukumbini wakicheza kwa mstari, wamependeza mpaka nikajisikia mrefu. Walipofika mbele wakageuka wote pamoja na kuipa meza kuu migongo. Mshereheshaji akapaza sauti kwenye maiki: "Jamani, mbona jogoo wa kina mama wameshikwa miguu? Wanapelekwa kuchinjwa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Salma hakucheka. Mimi nilitoroka kwa mlango wa jikoni kabla chakula hakijaletwa.

Kesho yake nilikwenda kwake, nikapiga magoti, nikamwambia nilichanganyikiwa kwa haraka ya kazi. Nikanunua kitenge kilekile dukani kwake kwa akiba yangu na kubadilisha migongo kumi na saba. Gauni lake hakulileta. "La kwangu liache," alisema, nami sikuthubutu kuuliza kwa nini. Tangu hapo nikaanza kurudisha vipande vya kila mtu. Aibu ndiyo iliyonilea, si mama.

Ile haraka ya kazi haikuwepo. Nilikata mzungu wa nne makusudi ili nibaki na kitambaa. Kwa kile nilichobaki nacho nilishona pochi, nikawauzia walimu pale shuleni. Moja nilikuwa nayo hadi leo, nikiitunzia pini. Na kwenye pochi zile, shajara, kila jogoo amesimama wima. Vya kwangu nilijua kuvikata.

Hilo nilikuwa sijawahi kumwambia mtu.

Basi leo. Dada mmoja wa Sinza ameeleza sabuni yake ya maji, mwingine wa Kinyerezi ameeleza keki zake za harusi. Wamesema vizuri: amka mapema, jiamini, usikate tamaa. Nami nilikuwa nimeandaa yangu ya namna hiyohiyo. Mama Joyce akanitaja, nikasimama, nikatazama viti vya mbele.

Bi Salma alikuwa amekaa pale, amevaa lile gauni. Jogoo wa kifuani kwake walinitazama wote.

Zaidi ya nusu ya wanawake wale wamewahi kuniletea kitambaa. Nikisema ukweli, kila mmoja ataanza kujiuliza kilichobaki kwenye gauni lake. Nikisema uongo, nitausema mbele ya mtu niliyemwibia, yeye akinisikiliza kwa adabu. Jina langu lile jekundu mlangoni nililiona kabisa likifutwa.

Nikaikunja karatasi. Nikasema yote: mzungu wa nne, magoti niliyopiga kwa uongo, pochi, walimu. Nikaitoa pochi mkobani, nikaiinua wamwone jogoo aliyesimama wima. Katikati nikalia kidogo, nikaendelea. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Heee!"

Bi Salma akasimama. Hakunitazama. Aliwageukia wenzake, nami nikauona mgongo wake, jogoo wote kichwa chini kama siku ile.

"Mie nauza vitenge tangu sijavunja ungo," alisema. "Kitambaa kile nilikipima kwa mkono wangu. Nilijua kitabaki kiasi gani kabla huyu hajashika mkasi. Alipokuja kunambia haraka ya kazi, nikasema haya. Wateja nikamletea, maana mkono wake mzuri na vipande alianza kurudisha. Ila gauni langu nikalizuia. Nikasema atalirekebisha siku atakayonambia kweli."

Akanigeukia.

"Kesho ukitoka kanisani, mwanangu, pita nyumbani ulichukue."

Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa. Navisikia hadi sasa ninapoandika, na sioni aibu kusema nimejivunia. Nimewahi kujivunia fremu, nimejivunia cherehani ya tatu. Leo nimejivunia mdomo wangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Mama Joyce akanikumbusha kwamba sijatoa ushauri, na kila msemaji lazima atoe. Nikawaambia ninao mmoja tu: kitambaa cha mteja kikate kama unavyokata cha kwako. Nikaketi.

Tulipokuwa tunakula, nilimpelekea Bi Salma ile pochi. Aliigeuza huku na huku, akamtazama jogoo, akanitazama mimi. "Kumbe unajua kukata," alisema, akacheka mpaka pilau ikampalia. Pochi akaitia mkobani kwake. Pini zangu sasa ziko kwenye kikombe cha chai.

Wanawake wawili wamenipa miadi ya kupimwa wiki ijayo. Mmoja ameniuliza, kwa tabasamu lisilotulia, kuhusu mabaki ya kitambaa chake cha zamani kabla ya mambo haya yote. Nimemwambia ukweli, kwamba niliyauza, na kwamba nitamlipa. Amesema atafikiri. Ana haki ya kufikiri. Na fundi mwenzangu wa Temeke amenivuta pembeni akaninong'oneza kwamba ana gunia zima la vipande chini ya meza, hajui aanzie wapi. Nikamwambia aanze na kipande cha juu.

Kuna tatizo dogo. Kitenge kile hakiji tena, dukani kwa Bi Salma kiliisha zamani. Mgongo mpya wa gauni lake utatoka wapi?

Nimeshafungua kabati. Gauni langu la siku ile lipo, sikulivaa tena, na upande wa mbele jogoo wake wamesimama barabara. Nimelitandaza mezani, nimelipima kwa futi kamba, nimelitia chaki. Mimi mnene kuliko Bi Salma, kwa hiyo kitambaa kitatosha mgongo wake na kitabaki.

Kesho namkatia. Kipande kitakachobaki ni cha gauni langu mwenyewe, hakuna atakayekiulizia. Nitamtilia kwenye mfuko.