Nilirudisha Nyama ya Mzee Sirili, Sasa Ukoo Mzima Unaniona Mgonjwa

Shangazi Pamela, shikamoo. Naomba unisaidie upesi maana hapa nilipo hata usingizi sipati. Mimi naitwa Tito, naishi Rau, nimechumbia msichana anaitwa Salvina, kwao ni Mkuu, Rombo, na ndoa yetu ilikuwa ifungwe baada ya Pasaka, ila baba yake, Mzee Sirili, amemwambia paroko matangazo ya ndoa yasisomwe kwanza, na sababu yenyewe, Shangazi, ni nyama.

Iko hivi. Mimi ni mkimbiaji, niko kwenye klabu, kila asubuhi tunapanda na kushuka huku milimani, najiandaa na nusu marathon, na mwaka jana nikaona kwenye simu mkimbiaji mmoja wa nje anasema tangu aache nyama amekuwa mwepesi, ngozi inang'aa, na anashinda, basi na mimi nikaacha siku hiyohiyo, nyama, kuku, samaki, vyote, nikawa nakula tango, karoti mbichi, chipsi kavu kwa sababu viazi navyo ni mboga, chai ya rangi na biskuti, na nikienda kwa mama kule Kilema nakunywa mtori wa ndizi lakini vipande vya nyama naviacha pembeni ya bakuli. Na kweli nimekuwa mwepesi, mpaka suruali naifunga kwa kamba, ila mbio ndiyo hazijaongezeka, juzi kwenye mlima wa Uru nilishikwa na kizunguzungu nikakaa chini, akapita mama mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akaniuliza, "Pole baba, ndiyo unatoka hospitali?"

Sasa tulipokwenda Mkuu kujitambulisha walichinja mbuzi, Mzee Sirili akanikatia fungu langu kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wajomba wote, nikalirudisha. Nikawaeleza kwa upole kabisa kwamba ile ni maiti ya mnyama na huozea tumboni, wajomba wakarudisha vipande vyao kwenye sinia, nikaona nimeharibu, nikasema basi, ukweli ni kwamba daktari amenikataza, wakayaangalia mashavu yangu, wakaangaliana, mama yake Salvina akaanza kulia. Tangu hapo wanasema nina ugonjwa mkubwa ninaouficha, wanataka vipimo, na Salvina simu zangu hapokei. Shangazi, nimwelimisheje mzee huyu kuhusu lishe bora?

Tito, Rau

SHANGAZI PAMELA ANAJIBU

Marahaba, Tito. Mara ya kwanza nimeisoma barua yako nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nimemwonea huruma Salvina.

Unataka kumwelimisha Mzee Sirili kuhusu lishe, wewe unayefunga suruali kwa kamba! Mwanangu, mtu anayepitwa mlimani na mama mwenye mzigo kichwani hana darasa la kufundisha.

Tuelewane. Kuacha nyama si kosa, wapo walioiacha miaka mingi na wanakimbia vizuri tu. Kosa lako ni kwamba uliacha nyama, ukaacha na chakula. Umezaliwa Kilema, katikati ya migomba. Maharage yapo, kunde zipo, mboga ya mnafu inaota hata pasipopandwa, parachichi zinaanguka mpaka nguruwe wamezichoka. Wewe ukaviruka vyote hivyo ukaenda mjini kununua tango! Tango ni maji, Tito. Chipsi ni mafuta. Na huo mtori unaoutolea nyama umechemshwa na mifupa, kwa hiyo hata hiyo mboga unayojisifia huili sawasawa.

Mama yako anajua kupika kiburu, ndizi zikapondwa na maharage mpaka kijiko kinasimama. Hujamwomba akupikie hata siku moja, kwa sababu yule wa kwenye simu hakukitaja.

Sasa tuje Mkuu. Hivi wewe ni Mchagga wa wapi? Hujui kwamba mbuzi wetu hakatwi ovyo, kwamba kila fungu lina mwenyewe? Mzee alipokukatia la kwako hakuwa anakulisha. Alikuwa anawaonyesha wajomba kwamba una nafasi nyumbani kwake. Na nani alikuambia ni lazima ulile? Ungelipokea kwa mikono miwili, ukashukuru, ukalifunga kwenye jani la mgomba ukampelekea mama yako, na Kilema nzima ingewasifu wakwe zako. Wewe uliurudisha undugu wao kwenye sinia, ukawaongezea na hotuba ya maiti. Halafu ukamsingizia daktari ambaye hujawahi hata kumwona. Kwa mashavu hayo, mimi mwenyewe ningeamini.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho nenda hospitali ukapime damu, maana kizunguzungu hicho kinaweza kuwa upungufu wa damu, na majibu yoyote utakayopewa uwapelekee wakwe kama yalivyo. Acha mlima kwa muda, nusu marathon haitakimbia. Kabla ya mazoezi kula ndizi mbivu au unywe uji, na ukirudi ule maharage na mnafu uliokamuliwa limao, au hicho kiburu chenyewe. Karanga tia mfukoni badala ya biskuti.

Salvina umtangulize kabla ya baba yake. Mtumie dada yako amfikishie ujumbe, kisha uende mwenyewe, umwombe radhi kwa uongo na kwa aibu uliyomtia mbele ya wajomba zake, na usitaje protini hata mara moja.

Halafu tafuta mzee wa kwenu mwenye ulimi mtulivu, mwende Mkuu pamoja. Mwamkie Mzee Sirili shikamoo, useme, "Baba, sikukatazwa na daktari, nilikosa adabu." Ishia hapo. Usiongeze "lakini". Akikukatia fungu tena, pokea.

Na uende na ndizi na maharage kutoka Kilema, umwombe mama yake Salvina jiko, upike kiburu mwenyewe, ukae ukile mbele yake. Sahani ikiisha, ongeza nyingine bila kubembelezwa. Mama yule alilia kwa sababu alimwona binti yake mjane kabla hajawa mke. Mwache akuone unashiba.