Filamu Tuliyoichelewesha Swima

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Baraka tuko bazima. Kaka yako amenunua pikipiki, ingawa nilimukataza. Uliniuliza kwa nini kazi yetu ya kusambaza filamu ilikufa.

Mbele ya uhuru, mi na babu yako tulikuwa tunakodi filamu kwa muzungu mumoja wa Usumbura, tunazionyesha Baraka, Swima na Fizi. Sharti lake lilikuwa moja: kila filamu irudi na meli ya Jumamosi.

Ijumaa moja muchana tulionyesha Swima, ndani ya depo ya pamba, filamu ya bandari ya Albertville, iliyopigwa miaka miwili nyuma. Mara mama mumoja wa pale, Mama Nyota, akasimama.

"Huyu ni Elongo wangu!"

Mutoto wake alikuwa amekufa maji mwaka uliopita, mwili haukuonekana, na mama alikataa kuweka matanga. Sasa alimuona anabeba gunia, anacheka.

"Murudishe nyuma, nimuone tena."

Tulirudisha mara tatu. Asubuhi alikuja na ndugu zake wote, nao bamuone. Meli ilikuwa inapiga honi.

"Tufanye nini?" babu yako aliniuliza.

"Funga madirisha," nikasema. "Tuonyeshe."

Meli ikaenda. Muzungu hakutupatia filamu tena, na kazi ikaishia pale. Niliogopa babu yako atanilaumu, lakini hakunilaumu hata siku moja.

Jumapili ile Mama Nyota alinyoa nywele, akatandika mikeka mbele ya nyumba. Tulikaa naye matanga mpaka yakaisha.

Ujichunge huko masomoni.

Koko yako, Riziki