Walinzi Wawili Ndani ya Mashine Moja

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imeacha matope mpaka mlangoni, na jua lililoifuata linachoma. Nimechukizwa, na si na matope.

Ni kompyuta.

Shangazi Zaina alifika jana kutoka Kibombo, kesho anarudi. Safari iliyopita alinisimulia maisha yake ya wakati wa vita, nami nikamrekodi kwa kinasa sauti cha zamani cha baba. Nikamwomba ruhusa ya kuyaweka hapa kwenye blogu. Hakukubali, hakukataa. Alisema atajisikiliza kwanza. Na kusimulia mara ya pili, hapana. Hilo alilisema wazi. Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya jibu.

Sauti za kinasa kile zinafunguka kwa programu yake moja tu, ndogo, ya zamani. Nilipoitafuta, haikuwepo. Pembeni mwa kioo yakajitokeza maandishi ya kijani, yenye furaha kabisa: tishio limeondolewa, uko salama.

Niko salama!

Hapa Kindu kila mtu ana flashi yake, anaichomeka kwenye mashine ya huyu, kesho ya yule, na virusi vinasafiri nazo. Ndiyo maana tuna tabia hii: antivirusi moja haitoshi, tunaweka mbili, kama makufuli mlangoni. Ya pili aliniwekea Yaya Faustin, kaka yangu mkubwa, wiki hii, bila kuniuliza. Nikampigia simu.

"Uliweka nini ku mashine yangu?"

"Mulinzi. Moja ikilala, ingine njo inaamuka."

"Imekula programu ya shangazi!"

"Tangu lini dawa inakula muntu?" Akacheka. "Kile kitu hakina kampuni, hakina jina. Iko sawa na mugeni bila karatasi. Inakikamata tu."

Mashine ilikuwa inahema. Ya kwanza iliiona ya pili kuwa virusi, na ya pili iliiona ya kwanza hivyo hivyo. Zilipekuana bila kuchoka, feni ikinguruma, mshale umeganda. Na katikati ya ugomvi wao, kile kiprogramu kisichomdhuru mtu ndicho kilichotupwa.

Shangazi alikuwa amekaa kando yangu, amevaa kitenge chake kizuri, kana kwamba amekuja kumsikiliza mtu wa heshima.

"Nani ameiondoa?"

"Walinzi, shangazi. Wako wawili."

"Na kila mumoja anasema anakulinda weye?"

"Ndiyo."

"Basi nawajua."

Anawajua. Katika miaka ile, aliyetaka kwenda shambani alipita kwenye kizuizi cha askari wa mjini, akapewa karatasi. Watu wa msituni wakiikuta mfukoni mwake, yeye ni adui. Asiyekuwa nayo, wa mjini walisema ni wa msituni. Wote walikuja kutulinda. Mume wa shangazi alitoka kwenda kuchimba mihogo, na mpaka leo hakuna upande uliosema ulimfanya nini.

Sipendi kufananisha vita na kompyuta. Hata kuandika hivi kunanitia kinyaa. Lakini kinachonichukiza zaidi ni ile furaha ya anayekuondolea kitu chako, kisha anangoja umshukuru.

Nikaing'oa antivirusi ya pili. Ya kwanza nikaifungua pale inapofungia mateka wake, nikaitoa programu ya shangazi. Ikaniandikia kwa nyekundu kwamba niko hatarini. Nikaizima nayo.

Tukasikiliza. Shangazi hakusogea mpaka sauti yake ilipofika kwenye jina la jirani aliyemsingizia yule mume aliyepotea kwa askari.

"Hapo. Ondoa."

"Shangazi, hapo njo ukweli wenyewe."

"Ni ukweli yangu. Mutoto wake ameoa kwetu. Mingine yote weka."

Mkono wangu ulikataa. Bila jina lile, nilijiambia, msomaji ataona mwanamke na mihogo tu. Flashi ilikuwa mezani. Ningeweza kunakili kabla ya kukata, asingejua. Ingekuwa kwa faida yake, kwa faida ya watakaokuja, kwa kulinda kumbukumbu.

Kulinda.

Nilijichukia kuliko nilivyozichukia zile mbili.

Nikamwonyesha alama ya kukata, nikampisha kiti. Alibonyeza mwenyewe, kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayejitoa mwiba.

"Imetoka yote?"

"Yote."

"Hakuna ingine imebaki kwako?"

"Hakuna."

Akaitazama flashi mezani, kisha akasema ndiyo, niiweke.

Kwa hiyo ruhusa ninayo. Simulizi yake ina tundu katikati, la ukubwa wa jina la mtu. Jina hilo ninalijua, na mtu huyo, ambaye sasa anaishi hapa Kindu, nitamsalimia tena sokoni. Je, nitaweza kuliacha tundu lilivyo?

Itanibidi.