Bi Khadija na Kitaliano Changu

Mlandege, Unguja

Dada Zuhura, shikamoo.

Mwalimu anayesimamia utafiti wetu wa Kitaliano chuoni alitupeleka mimi na Salma, mwanafunzi mwenzangu, kwa Bi Khadija, Mbarawa wa Somalia aliyewahi kumpikia Mtaliano kule Mogadishu. Nikamsalimia kwa Kitaliano nilichosoma miaka miwili. Akacheka: "Wazungumza kama redio, mwanangu." Salma, asiyejua hata nusu yangu, akaingia jikoni kumkunia nazi, na huko Bi akamhadithia kila kitu. Sasa Mwalimu kasema sura ya Bi Khadija katika ripoti yetu ataiandika Salma! Kwa wivu, hata mkate wa kumimina nikausukuma kando. Kesho nnakwenda peke yangu, na nazi ntakuna mimi.

Nibusie mama, lakini asikuite kipenzi chake mpaka nirudi.

Mdogo wako akupendaye,
Rukia