Lango Lililomshinda Babu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, hili sijamwambia mtu. Babu yangu alikuwa fundi wa kufuli mpaka macho yalipomwishia, na nikitoka shule tunacheza gemu moja ya zamani ya kompyuta, haina picha hata moja, ni maandishi matupu, unaandika "nenda kaskazini" nayo inakueleza umefika wapi, basi mimi namsomea, Kiingereza cha gemu nakigeuza Kiswahili papo hapo, babu anaamuru, naandika. Tumekwama kwenye lango la chuma. Amejaribu ufunguo wa shaba, mafuta, mpaka kulibembeleza. "Bibie, hebu liamkie shikamoo," akaniambia, nikaliamkia, gemu ikajibu haijui neno hilo, tukacheka mpaka mama akaja kuchungulia.

Ila juzi hakucheka. Alisema, "Kufuli zote nilizofungua, leo nashindwa na ya kuandikwa tu? Basi nimekwisha." Roho ikaniuma, nikaingia mtandaoni kutafuta msimbo wa gemu hiyo, yaani maagizo ambayo mtunzi aliiandikia kompyuta, nikaupata kwa watu wanaohifadhi gemu za kale, na mshauri, utamu wake sikuutegemea, ni kama kuingia ndani ya kuta za nyumba unayoishi, kila chumba kina namba yake, kila jibu linasubiri mahali pake. Nikafika langoni. Halina ufunguo! Nyuma yake hakuna chumba, mtunzi kaandika "hapa bado" akaacha.

Sasa nikimwambia, nimevunja sharti letu la kutochungulia na mchezo nimeuua, nisipomwambia ataendelea kujiona amekwisha, nifanyeje, nasikia fimbo yake koridoni, ngoja nifiche karatasi

*

Binti,

Kwanza nieleze: unamfichaje karatasi mtu asiyeiona? Huyo amefungua kufuli kwa masikio maisha yake yote, unadhani hakusikia kalamu yako ikinyamaza?

Udadisi wako haunikeri hata kidogo. Kosa lako ni kukaa kimya. Unamwacha fundi ajilaumu kwa kazi ambayo mtu mwingine hakuimaliza. Huko si kumheshimu, ni kumfungia nje.

Leo, kabla hujawasha kompyuta, kaa karibu naye useme, "Babu, nilichungulia." Atakukaripia, vumilia, umeyataka. Kisha msomee msimbo wa lango mstari kwa mstari, kwa Kiswahili kama mlivyozoea, asikie mwenyewe kwamba pale hapakuwa na kufuli ya kumshinda. Akishatulia muulize: lango kama lile yeye angelitilia kufuli gani, na nyuma yake angeweka nini? Halafu atakachosema kiandike palepale penye "hapa bado". Msimbo unao mkononi. Usipojua namna ya kuandika, mwalimu wako wa kompyuta yupo, muulize, aibu weka kando.

Siku lango likifunguka, mwache babu aamuru kuingia. Ila kabla ya hapo, lifundishe kuitikia marahaba.