Bibi wa Lango Hafungui Mdomo

Tokyo, Februari

Mama yangu mpendwa,

Natangaza rasmi, mbele ya jokofu na mbele yangu mwenyewe, maana chumbani hamna mwingine, kwamba figili zako za moshi zimefika salama na hakuna hata moja iliyojeruhiwa. Nimezipokea kwa heshima inayostahili, yaani nimekula moja nikiwa bado nimesimama na koti mwilini. Je, wewe hujambo? Magoti yanasemaje na baridi hii? Nasikia huko Akita theluji imefika madirishani. Usipande paani kuikwangua. Najua utapanda, lakini nimekwisha kusema.

Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, na sauti, ambayo ndiyo kazi yangu, bado ipo.

Uliponipigia simu juzi ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuisikia kwenye simu yako. Ulisema umewakusanya akina mama wa mtaa, na Jumapili mtapanda treni kwenda mjini kutazama filamu ya katuni ya Binti wa Makaa, wamsikie mwanao. Miaka yote umewaambia kwamba nafanya kazi ofisini. Mama Hatakeyama, ambaye mwanawe ni daktari wa meno na hulitaja hilo hata akizungumzia mvua, aliwahi kukuuliza kama ofisi hiyo ina jina. Sasa umemjibu, “Mwanangu ndiye yule bibi wa lango, shoga, yule yule!” Ukasema aliikoroga chai yake mpaka ikapoa. Sikukukatiza, Mama, kwa sababu ulikuwa unacheka.

Tulipoirekodi ile tamthilia ya televisheni iliyozaa filamu hii, zamani, tulikuwa wote katika chumba kimoja. Maikrofoni zilikuwa chache. Unangoja zamu yako, unasogea kwa kunyata, unasema lako, unarudi nyuma, na karatasi unaigeuza kama mwizi. Tumbo la mtu likinguruma, wote mnaanza upya, ndiyo maana kila mmoja alikula kitonge cha wali kabla ya kuingia. Siku moja nilisindikiza changu na figili yako, ikalia kwa kishindo menoni. Mzee Onodera, anayeigiza Mfalme wa Giza, akageuka na kuniambia, “We bibi! Mimi nimeteketeza falme nzima bila kelele za namna hiyo.” Tangu siku hiyo akawa ananiomba kipande.

Filamu hii inasimulia upya mwanzo wa tamthilia: kijiji kinachomwa, msichana anaokota upanga jivuni, anatoka langoni, bibi wangu akimuaga, kwenda kulipiza kisasi. Yaliyotuchukua majira mazima yameshindiliwa katika saa mbili, kama magodoro kabatini. Tena siku hizi kila mtu anarekodi peke yake. Niliingia kwenye kijichumba, nikavaa hedifoni, na sauti ya msichana ikanijia kutoka rekodi ya siku nyingine ambayo mimi sikuwepo. Kitonge changu nilikula kama kawaida, ingawa hapakuwa na wa kumuudhi. Nilisema maneno yangu, mtu wa upande wa pili wa kioo akanishukuru kwa kazi, nikarudi nyumbani.

Wiki iliyopita tulionyeshwa filamu, sisi tulioifanyia kazi. Msichana alikuja mbio mpaka langoni. Bibi alikuwepo, shali yake ikipepea vizuri sana. Msichana akapita. Nilidhani bibi atasema akishapita. Alipokwisha kupita, lango likafungwa bibi hajafungua mdomo, na mara tukawa milimani kwenye vita.

Unajua hakuna anayeinuka mpaka jina la mwisho lipite kwenye skrini na taa ziwake, kwa hiyo nami nilikaa gizani. Jina langu limo, dogo, katikati ya wanakijiji. Mlangoni Bwana Shirane, mwongozaji, alinifuata akainama kuniomba radhi. Nami nikainama chini zaidi, nikamwomba yeye. Akazidi, nikazidi. Mwishowe hakuna kati yetu aliyetaja kosa lenyewe. Nafikiri nilimwomba radhi kwa sauti yangu kukatwa.

Sasa, Mama, lipo jambo ambalo hulijui. Maneno ya bibi yalikuwa: “Nenda, binti wa makaa, wala usigeuke nyuma.” Zamani, tulipoanza tamthilia, kila nilipoyasema kishujaa, Bwana Shirane alitikisa kichwa. Ndipo nikayasema kwa sauti yako ya siku ile kituoni, nilipokuwa naondoka, ukakataa kuniaga, ukauliza tu kama nimechukua mwavuli. Mzee Onodera alivua miwani akaanza kuifuta. Aliyekuwa akizungumza pale langoni miaka yote hii ni wewe. Jioni nikikosa mtu wa kuongea naye, nilikuwa naiweka sehemu ile nikusikilize. Kwa hiyo aliyekatwa si mimi peke yangu, na ndiyo sababu nimeshindwa kukwambia kwa simu.

Mkienda, kaeni mpaka majina yaishe, umwonyeshe Mama Hatakeyama langu kabla halijapita. Akiuliza kuhusu sauti, mwambie bibi alikuwa na mafua.

Wasalimie akina mama wote, na paka, na paa ambalo hutalipanda. Majira ya maua nitakuja, nikipata nafasi. Mwavuli ule ninao bado.

Mwanao,
Minori

Nimesahau: pale langoni utasikia kama mtu anashusha pumzi. Usimguse Mama Hatakeyama kwa kiwiko ukidhani ni mimi. Ule ni upepo.